Kiingereza cha Wakati wa Palizi

Kazi yangu ilianza Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza baada ya likizo ya Juni. Nilikuwa kidato cha tatu. Hedimasta aliingia darasani kwetu bila kubisha, akasimama karibu na dawati la mbele na kuuliza, "Nani humu anaandika Kiingereza bila kunitia kichefuchefu?"

Wenzangu waligeuka wakanitazama, na mimi nikajifunika mdomo kwa daftari kama nilivyozoea.

"Wewe mwenye daftari mdomoni. Unaitwa nani?"

"Nyamizi."

"Sauti!"

"Nyamizi, mwalimu."

"Mwalimu Ndaki hatarudi. Kuanzia leo Kiingereza cha kidato cha kwanza ni chako, mpaka tupate mwalimu."

"Mimi, mwalimu?"

"Kuna Nyamizi mwingine humu?"

Hakuwepo. Basi nikawa mwalimu, na mwalimu mwingine hawajampata mpaka leo.

Sasa nimestaafu, nina miaka kumi na minane. Mitihani ya kidato cha nne inaanza wiki ijayo, na Hedimasta amewataja ninyi wawili, Shija na Ng'washi, kwamba mtachukua nafasi yangu. Nawaandikia kwa sababu kuwaeleza uso kwa uso ningeshindwa, ningetazama viatu vyenu mpaka kengele ilie. Habari za cheo naziruka, maana sikupewa. Habari za mshahara naziruka pia, maana ulikuwa kikombe cha pili cha uji, na siku nyingi hicho cha pili kilikuwa ukoko.

Kwanza mjue kwa nini Mwalimu Ndaki aliondoka, kwa sababu watoto watawauliza. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, kila kituo kinatafuta mtu anayejua kuandika na kusoma mizani. Kampuni moja ilimwona, ikamchukua, akahamia kwenye kituo chao cha Kasoli. Wengine walimsema sana. Mimi sikumsema. Nilimwona amevaa viatu vipya, nikafurahi, kwa sababu vile alivyokuwa akifundishia nilivijua vilivyokuwa kwa chini.

Siku yangu ya kwanza niliingia kidato cha kwanza nikiwa nimebeba kipande cha chaki na kitabu kisicho na jalada. Darasa zima likasimama. "Good morning, teacher!" Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamume mwenye ndevu. Huyo ndiye Maduhu. Alikuwa amechunga ng'ombe miaka mingi kabla hajaamua kusoma, na ukimwona njiani utadhani ni mzazi amekuja kufuatilia mtoto. Basi mimi nilipomwona, magoti yangu yalifanya yaliyozoea kufanya nyumbani. Yalipinda. Nikamwamkia, "Mwangaluka," kwa heshima yote, kama mtoto wa kike anavyomwamkia kaka mkubwa asubuhi.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa hesabu akachungulia dirishani.

Maduhu hakucheka. Aliitikia salamu vizuri, kama mtu wa nyumbani, halafu akasema, "Dada mwalimu, ukimaliza kutuamkia wote kwa magoti, kipindi kitakuwa kimekwisha."

Tangu siku ile tulipatana. Yeye ataniita dada mwalimu, mimi nitamwita kaka Maduhu, na magoti yabaki nyumbani.

Somo la kwanza nililolikuta ubaoni ni lile lile litakalowasumbua ninyi: namna kitendo kinavyomfuata mtenda katika Kiingereza. Mwalimu Ndaki alikuwa ameliacha katikati. Niliwapa sentensi ya ng'ombe wanaokula majani, na karibu darasa zima likaandika "The cows eats grass." Msiwacheke. Kosa hilo si ujinga, ni malezi. Sisi tumekulia kwenye lugha ambazo mambo yakiwa mengi kila neno linavaa sare. Chukueni 'Vitabu vyangu vizuri vimepotea': kila neno limevaa vi yake. Kisukuma nacho ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Bariadi akijua kwamba S ni alama ya wingi, anamvalisha mtenda, kisha anamwonea huruma kitendo, anakivalisha nacho. Anaona ni uungwana.

Nilijaribu kueleza kwa kanuni za kitabuni. Walinakili kanuni kwa mwandiko mzuri, wakaendelea kuandika "The cows eats." Na mimi nilikuwa nafundisha nikiwa nimeutazama ubao muda wote. Naandika, nafuta, naandika. Wiki ya pili Maduhu akanyoosha mkono.

"Dada mwalimu."

"Ndiyo, kaka Maduhu."

"Ubao umeshaelewa. Sasa tugeukie sisi."

Jumamosi ile nilitembea mpaka Kasoli. Mwalimu Ndaki nilimkuta kando ya mizani, nywele zimejaa nyuzi za pamba kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Wakulima walikuwa wamejipanga na mizigo yao, naye alikuwa akiandika huku akiongea na mimi. Nilimweleza kwa kifupi, maana kwa kirefu siwezi.

"Unasahihisha makosa mangapi kwa kipindi?" aliniuliza.

"Yote, mwalimu."

"Ndiyo maana. Chagua kosa moja la siku. Mengine yaone, yaache yapite. Mtu aliyesahihishwa kila neno hafungui mdomo tena. Wewe si unajijua?"

Nilijijua.

"Halafu usiwape kanuni. Wape kitu wanachokiona nyumbani kwao. Mzigo juu, baba, sogea!" Hayo ya mwisho alimwambia mkulima.

Njiani nikirudi nilipitwa na mzee anaendesha baiskeli, mkewe anamfuata kwa miguu na beseni kichwani. Nikaipata. Jumatatu niliwaambia: S ya Kiingereza ni baiskeli, na nyumba ina baiskeli moja tu. Mtenda akiichukua, kitendo kinakwenda kwa miguu. Mtenda akiwa peke yake, hana haja nayo, basi kitendo kinaipanda. "The cows eat." "The cow eats." Hamwezi kupanda wote.

Hii ilifanya kazi kuliko kitabu, ila mjiandae na maswali. Kuna mtoto aliuliza kuhusu James, ambaye ana S na kitendo chake nacho kina S. Nikamjibu James alizaliwa nayo, si ya nyumba. Mwingine akauliza kuhusu "children" ambao ni wengi na hawana S, wala kitendo chao hakina. Nikamwambia hapo baiskeli ina pancha. Walicheka, wakashika. Lakini Maduhu aliuliza lililonishinda.

"Mimi ni mmoja. Mbona nikisema 'I eat', natembea kwa miguu? Na wewe ukiwa mmoja, 'you eat', kwa miguu vilevile?"

"Sijui, kaka Maduhu. Nitauliza."

Jifunzeni kusema hivyo mapema. Haiumi kama mnavyodhani. Mwalimu Ndaki alipoulizwa alifikiri mpaka mkulima aliyekuwa mizanini akakohoa. "Hata mimi sijui," akasema. "Waambie anayeongea yupo, na anayeongeleshwa yupo. Baiskeli anapelekewa aliye mbali, yule anayesemwa." Sijui kama Waingereza wangekubali. Kidato cha kwanza walikubali.

Muhula wa pili ulikwisha hivyo, tukafunga shule Desemba, tukarudi. Mimi nikawa kidato cha nne, wao kidato cha pili, na Hedimasta akasema niendelee nao. Mwaka wa mtihani kwao na mwaka wa mtihani kwangu. Hapo ndipo Maduhu alipokuja na jambo la mbina.

Ninyi mnajua mbina za kwetu baada ya mavuno: makundi mawili yanapambana kwa ngoma na nyimbo, kila kundi na kiongozi wake wa kutunga, ning'i, na nyimbo zenyewe ni za kuchambana. Anayeimbwa hakasiriki. Anajibu kwa wimbo mkali zaidi. Akikaa kimya au akigeuza mgongo, watazamaji wanahamia upande wa pili, na amekwisha. Maduhu alikuwa ning'i kijijini kwao. Akapendekeza darasa ligawanyike, Dirishani na Mlangoni. Mtu wa kambi moja akikosea sentensi, kambi ya pili inamwimba, naye anatakiwa ajibu kwa sentensi iliyo sahihi.

Sijawahi kuona watu wakiitafuta S namna ile. Watoto waliokuwa hawanyooshi mikono walikuwa wanapanda juu ya madawati. Mtu akisema "My mother cook", Mlangoni wanapokea, "Mama yake anapika kwa miguu, eee!" na yeye anaruka, "Cooks! Cooks! My mother cooks!" Mimi kazi yangu ilibaki kusimama pembeni na kuonyesha kwa kidole nani amepatia. Kwa mtu wa aina yangu ilikuwa kazi nzuri sana.

Kelele zikafika ofisini.

Hedimasta aliingia wakiwa katikati ya wimbo. Alingoja wanyamaze. Halafu akaniuliza mimi, si wao, "Hiki ni kipindi au ni uwanja wa ngoma?"

Nilijifunika mdomo kwa kitabu.

"Nimekuuliza, Nyamizi."

"Ni kipindi," nilisema, nadhani nilisema.

"Sijasikia. Na kama mwalimu hasikiki na darasa linasikika mpaka sokoni, hapa hakuna kipindi." Akatazama nje. Mvua zilikuwa zimekolea, na shamba la pamba la shule lilikuwa limefunikwa na majani. "Kuanzia kesho, Ijumaa, vipindi vyenu vya Kiingereza ni vya kupalilia. Nikipata mwalimu mtarudi darasani."

Alipotoka, wakashuka kwenye madawati wakafunga daftari. Mwalimu hakuna, mtihani wa kidato cha pili upo mwisho wa mwaka, na anayefeli anarudi nyumbani. Hilo kila mtu alilijua. Ila Maduhu ndiye aliyebaki baada ya wenzake kutoka. Alikaa juu ya dawati, miguu yake inafika chini.

"Dada mwalimu, mimi kesho siji."

"Kwa nini?"

"Nyumbani walinicheka nilipoiacha mifugo nikaja kukaa na watoto. Baba alisema, nenda, utachoka, jembe lako linakungoja. Sasa nikamate jembe hapa? Kama ni kulima, nilime kwetu, angalau nakula ugali wa kwetu."

"Ni palizi tu, kaka."

"Palizi bila Kiingereza ni mtihani kufeli. Kufeli ni kurudi. Basi nirudi sasa, nisiwasumbue."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilimwambia, "Usiende." Yeye akasema, "Umesema kidogo sana, dada mwalimu," akacheka, akaondoka.

Ijumaa alikuja lakini. Nadhani alikuja kuaga. Tuligawiwa majembe, kila mmoja akapewa mstari wake. Mimi nilitakiwa kuwa darasani kwangu, ila Hedimasta alisema kidato cha pili ni changu hata shambani, kwa hiyo nilisimama kwenye mstari wangu na jembe lenye mpini uliopasuka. Watu walianza kupalilia. Maduhu alilipiga jembe mara chache, akasimama, akaliegemeza kwenye shina la pamba, likaanguka. Hakuliokota. Alichukua mfuko wake wa daftari akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Wenzake walimwita. "Kaka Maduhu! We kaka!" Hakugeuka. Mmoja akamkimbilia, akamshika mkono. Maduhu akamtoa mkono taratibu, kama unavyomtoa ndama kwenye chuchu.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale. Kumwita kwa jina hakungesaidia, alikuwa ameshaitwa. Kumbembeleza sikujua. Kitu kimoja tu nilichokijua juu ya Maduhu ni kwamba alikuwa ning'i, na ning'i akiimbwa hageuzi mgongo.

Sijawahi kuimba mbele ya watu, hata kanisani nachezesha midomo tu. Nikafumba macho nikaimba kwa Kisukuma, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo:

Ndevu za Maduhu zimeona majani,
zimeogopa, zinakimbia,
na mwenyewe anazifuata nyuma!

Sauti ilikuwa mbaya. Ilipanda mahali isipotakiwa kupanda, ikakatika kwenye ndevu. Nilifumbua macho. Maduhu alikuwa amesimama, lakini bado ametugeuzia mgongo. Hapo nikajua kwamba wimbo mmoja hautoshi, na wa pili sina. Nikaurudia ule ule. Safari hii Dirishani wote wakaupokea: "Anazifuata nyuma, eee!" wakigonga mipini kwa mawe.

Akageuka polepole. Uso wake ulikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachojizuia. Aliweka mfuko chini.

"Dada mwalimu," alisema kwa sauti ya juu, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni wewe kweli?"

"Jibu, kaka Maduhu. Watu wanangoja."

Alirudi akitembea, anatunga njiani, tulimwona midomo inacheza. Alipofika kwenye jembe lake akaliokota, akalichomeka ardhini, akaimba:

Nilidhani mwalimu ana mgongo tu,
kumbe ana mdomo, alikuwa ameuficha,
leo mbu amelia, ng'ombe wamekimbia!

Mlangoni walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Nilichekwa vibaya sana, na sijawahi kuchekwa nikafurahi vile. Halafu Maduhu akainua jembe na kulishusha, akaita, "The grass grows!" Dirishani wakajibu na majembe yao, "The weeds grow!" Mlangoni wakadaka, "My friend digs!" "My friends dig!" Hivyo hivyo, jembe linapanda na mtenda, linashuka na kitendo. Aliyekosea aliimbwa mpaka mwisho wa mstari wake, na kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu, walikosea kwa uangalifu.

Nikamwona Hedimasta amesimama kwenye kona ya jengo la ofisi. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za darasani mara nyingi. Akaja mpaka kichwani mwa mistari, akatazama majani yaliyolala, akatazama majembe.

"Sasa hii ndiyo bidii," alisema. "Mbona darasani mnakuwa wavivu?"

Nilielewa siku ile, na ninyi mlielewe mapema: mtu mzima wa kwetu akisikia wimbo darasani anasikia fujo, akiusikia shambani anasikia kazi. Hedimasta alilelewa na nyimbo za palizi kama sisi wote. Hakusikia Kiingereza hata kidogo. Alisikia majani yanakufa.

Maduhu hakuniaga siku ile. Alirudisha jembe stoo na wenzake, akaniambia tu kwamba wimbo wangu ulikuwa na mistari mitatu na wa pili ulikuwa dhaifu, nitengeneze. Mpaka ninapoandika bado yuko shule. Mtihani wake ni baada ya wangu, na matokeo yakitoka ni yake kuyasema, si yangu.

Mengine ya kazi hii mtayaona wenyewe. Chaki ikibaki ndogo ifungeni karatasi. Daftari za kusahihisha msizibebe wakati wa mvua. Kipindi cha mchana msifundishe jambo jipya. Na mkikosea ninyi ubaoni, kubalini kuimbwa.

Jumamosi, asubuhi iliyofuata ile Ijumaa, niliamka sauti imekauka na viganja vimetoa malengelenge. Nilivaa sare ya shule ingawa haikuwa siku ya shule, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Hedimasta. Alikuwa bado hajanywa chai. Nilipiga hodi, mimi mwenyewe, na aliponyamaza nikapiga tena. Alitoka na mswaki mkononi.

"Nyamizi? Kuna nini?"

Nilimtazama usoni, nikamwomba, kwa sauti hiyo hiyo iliyokauka, kwamba hata Jumatano, siku isiyo na Kiingereza kwenye ratiba, kidato cha pili tupewe kupalilia.